Shamba Lililovimba Kwenye Ramani

Singe, Babati
22 Januari 2023

Kaka Sosthenes,

Shikamoo. Baridi ya huko ikoje? Padre alituambia kanisani kwamba Ulaya mwezi huu watu wanateleza barabarani kama wamekanyaga sabuni, nikakuombea miguu. Sisi tupo. Noela ameingia darasa la pili. Goodness anaota meno ya juu, usiku halali wala hatulali. Hapa naandika nimesimama, yeye yuko mgongoni nikimtikisa, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka usinicheke.

Bahasha yako niliichukua parokiani baada ya Noeli. Tuendelee kuandikiana hivi hivi. Simu ya kupangusa ilitumbukia kwenye ndoo, sasa nina kitochi, na wewe ukipiga tunaishia kwenye "haloo, unanisikia?"

Zile ramani mbili za dunia nimezibandika ukutani kwa uji mzito. Josephine jirani alipoingia akauliza nani amezikalia zikiwa mbichi. Noela akamsomea ulichoandika chini: kwamba ya kwanza si ukubwa wa nchi, ni wingi wa watoto wanaozaliwa, ndiyo maana Afrika imejaa kama gunia na Ulaya imebanwa pembeni. Ya pili ni utajiri. Hapo Ulaya na Marekani wamenenepa, na sisi tumebaki ganda la mbaazi. Josephine alizitazama zote mbili, akasema, "Kwa hiyo sisi tunazaa na wao wanakula," akaendelea na safari yake ya kuomba chumvi.

Sasa kaka, lililonifanya nishike kalamu. Ni shamba la baba, Mutuka. Tangu tulipomzika hakuna aliyeligusa ila mimi. Baba mdogo Severine ametangaza kwamba mahindi yakishavunwa kutakuwa na kikao cha ukoo. Msimamo wake anausema bila kuficha: mimi nimeolewa, sina shamba kwa baba yangu. Shamba ni lako, mtoto wa kiume ni wewe peke yako, na kwa kuwa uko mbali atalishika yeye hadi utakaporudi. Nimekwenda kwa mtendaji wa kata. Akaniambia sheria hainikatazi kurithi, ila akanishauri nisianze na kesi, nianze na wewe. Wazee watauliza kitu kimoja tu: Sosthenes amesemaje?

Basi waandikie. Mstari mmoja unatosha, kwamba shamba ni la Devotha. Kama wewe unalitaka, niambie pia, nijue. Sitakasirika. Nitachoka tu, na kuchoka nimeshazoea.

Watoto wanakusalimu. Noela anauliza kama huko kuna viboko ziwani kama kwetu.

Mdogo wako,
Devotha


Enschede, Uholanzi
5 Machi 2023

Mdogo wangu Devotha,

Marahaba. Mwambie Noela huku hakuna viboko, kuna bata wengi wasio na adabu. Mimi mzima. Jua tunaliona kama mgeni wa heshima, linakaa kidogo na kuaga. Shemeji Praygod hajambo huko machimboni Mirerani? Barua yako yote hukumtaja.

Nimefurahi kwamba ramani zimepata ukuta. Wengi wakiziona hudhani zimekosewa. Kazi inavyokwenda ni hivi: tunachukua hesabu, iwe ya watoto, ya madaktari au ya fedha, kisha kompyuta inaisukuma mipaka polepole hadi kila nchi ipate ukubwa unaolingana na hesabu yake. Anayestahili kukua anakua, jirani anasogezwa, ila hawaruhusiwi kuachiana mikono. Jirani anabaki jirani hata akiwa mwembamba kama uzi. Tumetoa ramani ya madaktari juzi. Afrika karibu ipotee kabisa. Mkuu wetu hapa anasema uzuri wa kazi hii ni kwamba huhitaji kumhubiria mtu. Anaona mwenyewe.

Kuhusu shamba, nimesoma yote. Nalifikiria sana. Nina kitu nataka kukufanyia, kitasaidia kuliko maneno, lakini nahitaji taarifa kwanza. Niandikie shamba limegawanyika vipande vingapi, kila kipande nani anakilima, nani anapalilia, nani anavuna, na anakwenda mara ngapi kwa juma. Andika kwa uaminifu, hata msaada wa wengine uuweke.

Wabusu watoto. Baba mdogo msalimie sana.

Kaka yako,
Sosthenes


Singe, Babati
Jumatatu ya Pasaka, 10 Aprili 2023

Kaka,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Barua yako imenifikia juzi, mhuri wa posta umelowa mvua. Meno ya Goodness yametoka. Sasa ananing'ata, halafu ananitazama aone nitafanya nini.

Salamu zako kwa baba mdogo nimezifikisha. Jana alitualika kwake Mutuka, alichinja mbuzi. Alituambia mezani, watu wote wakisikia, kwamba alishaongea na wewe kwa simu juu ya shamba na hukuwa na pingamizi. Nikamtazama. Hakuwa na uso wa mtu anayedanganya. Nikaendelea kumlisha mtoto.

Umeniuliza maswali kuliko karani wa sensa, nakujibu. Vipande ni vitatu, unavijua, labda umesahau. Cha juu kando ya barabara, cha kati penye kaburi la baba, na cha chini kinachoshuka korongoni. Cha juu ndugu hunisaidia kulima kwa plau. Cha kati napanda mwenyewe, Josephine huja siku moja moja kupalilia tukibadilishana kazi. Cha chini plau haifiki, ni jembe la mkono, na ni mimi tu. Nakwenda kila siku isipokuwa Jumapili na siku ambayo mtoto ana homa. Ng'ambo ya minyaa, ule ua wa mpaka alioupanda baba, ni shamba la baba mdogo, hilo amewapa watu wanakodi, sijui habari zake.

Umeniuliza habari za Praygod. Mbaazi zimeota vizuri mwaka huu.

Kaka, nimekujibu yako yote. Wewe yangu hukuijibu. Nilikuomba mstari mmoja. Ulimwambia nini baba mdogo?

Devotha


Enschede
11 Juni 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kimya. Kazi zilikuwa nyingi, na hiyo si sababu nzima.

Baba mdogo alinipigia nikiwa kwenye treni. Aliongea peke yake, mimi nikasikiliza. Sikumwambia ndiyo. Sikumwambia kitu. Wewe ulibaki kwa baba, Devotha, mimi mama alipofariki nililelewa kwa Severine. Nilipolazwa na surua alikaa chini ya kitanda changu hospitali mpaka nikapona. Kuna watu unawajibu haraka, na kuna watu sauti inakukimbia.

Kwa hiyo nimetumia ninachokijua. Fungua karatasi kubwa uliyoikuta humu. Ni shamba letu. Nimekaa ofisini wenzangu wakiwa wameondoka, nikachora mipaka kutoka kwenye picha ya setilaiti, kisha nikaipa kila sehemu ukubwa wa kazi inayofanyika humo, kwa taarifa zako. Utaona cha juu kimesinyaa, na kipande chako cha korongoni kimevimba mpaka kimebeba karatasi. Shamba la baba mdogo nimeliweka kwa sababu ni jirani, lakini sina hesabu zake, kwa hiyo limebanwa. Nimeweka mshale wa kaskazini na muhuri wa ofisi ili waone si mchezo.

Wape kwenye kikao. Hutahitaji kugombana na mtu. Wakiiona wataelewa nani mwenye shamba.

Shemeji yuko wapi, Devotha? Nauliza mara ya pili.

Sosthenes


Singe, Babati
20 Agosti 2023

Kaka Sosthenes,

Shikamoo. Watoto wazima. Mahindi tumevuna, si haba. Mgongo wangu ndio wa kuulizia.

Kikao kilikaa jana kwa baba mdogo. Nitakueleza kama kilivyokuwa, usiruke mahali.

Walikuja wazee, Mzee Wiliam ndiye mwenyekiti. Wakanywa chai. Baba mdogo akaeleza yake kwa upole tu, hakunitukana. Nilipopewa nafasi nikatoa karatasi yako kama ulivyoniagiza, nikasema, hii imetoka kwa Sosthenes. Nikanyamaza ili iseme yenyewe.

Ikasema. Mzee Wiliam aliiweka kwenye meza akaigeuza mpaka mshale ukaelekea mlima Kwaraa. Akauliza hizi rangi zimepimwa na nini. Kijana wa mzee mmoja akasoma chini: picha ya setilaiti. Wazee wakasogea wote. Wakatafuta barabara, wakaiona. Wakatafuta kaburi la baba, wakaliona. Wakatafuta minyaa, na ile minyaa, kaka, kwenye karatasi yako imesogea imepita shamba lote la baba mdogo na kumwachia yeye utepe kama mkanda wa suruali. Kipande cha korongoni kimekwenda mpaka kwenye migomba yake.

Wakaelewa kwamba hiyo ndiyo mipaka. Kwamba setilaiti imeangalia toka juu ikaona baba mdogo alikula shamba la kaka yake miaka yote hii. Mmoja akasema hata yeye alikuwa na mashaka na ile minyaa. Mwingine akasema mashine inaweza kukosea. Mzee Wiliam akamkata: "Setilaiti haina undugu na mtu." Akaamua Jumatatu waende na majembe, wang'oe minyaa, waisogeze kama karatasi inavyosema, tena kwa faida yangu.

Baba mdogo hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza, akasema kwa sauti ndogo, "Mtoto niliyemlea amenipima akiwa Ulaya."

Nitakuambia kitu. Sikusema hapo hapo. Goodness alikuwa kifuani, nikamtoa, nikamgeuza titi la pili, na muda wote huo nilikuwa nafikiria lile shamba lenye migomba. Lina udongo mzuri kuliko letu. Nisingeiba mimi, wangenipa wazee. Mtoto akashika titi, nikapata akili. Nikasema, "Wazee wangu, hiyo si mipaka. Hiyo ni kazi."

Hawakunielewa. Nikawatuma Noela na Josephine, waliokuwa wamenisindikiza, waende kwa bajaji wakabandue ile ramani ya dunia nyumbani. Imekuja imechanika Asia. Nikawaonyesha Afrika ilivyovimba, nikawauliza, je, Tanzania imehamia Kongo? Wakasema hapana. Nikasema basi na mimi sijahamia kwenye migomba. Mahali penye kazi nyingi Sosthenes amepapanua, mahali asipopajua amepabana, minyaa iko pale pale baba alipoipanda.

Mzee Wiliam akacheka mpaka akafuta macho. Akasema, "Sasa binti yangu, hii karatasi inatuambia kwamba wewe unalima?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hilo nani asiyelijua hapa? Tunakuona kila asubuhi ukishuka na mtoto mgongoni. Sisi tulikuja kusikia Sosthenes anasemaje. Mbona hajasema?"

Nikatafuta kwenye karatasi yako, mbele na nyuma. Kuna rangi, kuna mshale, kuna muhuri. Hakuna neno lako hata moja.

Wameahirisha mpaka mbaazi zivunwe. Ikifika hapo na wewe bado umenyamaza, baba mdogo anapewa shamba alishike. Ndiyo kauli ya mwisho.

Umeniuliza Praygod mara mbili. Ana nyumba nyingine Mirerani, ina mke na mtoto mkubwa kuliko Goodness. Hatarudi, na mimi sitamfuata. Hapa Singe nakaa chumba cha kupanga. Nikitolewa Mutuka, Noela na Goodness watakula nini sijui, nakuambia kweli sijui. Sasa unajua yote.

Najua kazi yako ni ya maana. Ukutani pangu watu wamejifunza. Lakini mimi sihitaji kuonekana, kaka. Nimeshaonekana vya kutosha, nchi nzima ya Mutuka inaniona. Nahitaji mtu mmoja aseme. Baba mdogo alikulea, na mimi nakupenda, na yote mawili hayakuzuii kufungua mdomo.

Mdogo wako,
Devotha


Enschede
26 Septemba 2023

Devotha,

Barua yako nimeisoma mara moja. Ya pili nilishindwa.

Nilikuwa nafikiri wakiona hawatanihitaji mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu, na sikukuambia. Jana nilishika simu nimpigie baba mdogo. Nikaikata kabla haijaita.

Pole kwa Praygod. Ningekuwa karibu ningesema zaidi, kwenye karatasi naona aibu.

Humu kuna ukurasa wa wazee. Nimeuandika kwa mkono wangu, hauna muhuri:

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi Sosthenes, mtoto wa kiume wa marehemu Emanuel, nasema shamba la baba yetu lililoko Mutuka, kuanzia barabarani mpaka korongoni, ni la mdogo wangu Devotha. Si la kulitunzia mtu. Ni lake, na la watoto wake baada yake. Mimi silidai leo wala nikirudi. Mpaka wetu na baba mdogo ubaki penye minyaa, baba hakuibiwa wala hakuiba. Baba mdogo, hili nalisema nikikuheshimu, na nalisema."

Kaka yako,
Sosthenes


Singe, Babati
15 Oktoba 2023

Kaka,

Shikamoo. Mbaazi zimeshapigwa, ziko kwenye magunia. Kikao ni Jumamosi ya kwanza baada ya Watakatifu Wote. Kila nikitoka sokoni napitia parokiani kuulizia barua, mpaka katibu akiniona anatikisa kichwa kabla sijasalimia.

Nakuandikia hii nijue nimekuandikia. Sina la kuongeza.

Devotha


Singe, Babati
12 Novemba 2023

Kaka Sosthenes,

Shikamoo. Barua yako ilizurura kwanza, mhuri unaonyesha ilikwenda Mbulu. Katibu wa parokia aliniletea mwenyewe nyumbani, kwa bodaboda, Ijumaa, siku moja kabla ya kikao. Nikaisoma mlangoni, nikaenda kukoroga uji maana watoto walikuwa na njaa.

Kikao kilikuwa kifupi. Mzee Wiliam alipopewa ukurasa wako aliugeuza kwanza nyuma, aone kama hujachora kitu. Watu wakacheka, hata mimi. Kisha akausoma kwa sauti. Alipomaliza baba mdogo akasema, "Soma tena." Akasoma tena. Baba mdogo akasema, "Basi. Mwenye mali amesema." Wazee wakatia sahihi, na yeye akatia. Nakala niliipeleka kwa mtendaji Jumatatu.

Kwa hiyo shamba ni langu. Nilidhani siku hiyo nitalia au nitaimba. Nilifika nyumbani nikalala na kanga zangu, viatu miguuni, Noela ndiye aliyenivua.

Mvua imeanza. Nimeshapanda cha juu na cha kati, cha korongoni nangoja udongo ushike. Minyaa tumeipunguza pamoja, baba mdogo kwa upande wake na mimi kwa wangu. Hatuongei sana. Ila ile siku ya kikao, watu walipotawanyika, alinisindikiza mpaka barabarani. Alimbeba Goodness, ambaye habebwi na mtu asiyemzoea lakini kwake alitulia. Tukasimama kungoja bajaji. Akaniuliza, bila kunitazama, "Kwa nini hakuniambia mimi mwenyewe? Ananiogopa, au amenichoka?"

Jibu la hilo si langu, kaka. Namba yake haijabadilika. Jioni huwa yuko nyumbani.

Mdogo wako akupendaye,
Devotha